Siku Niliyomkimbia Mkwe Hadi Chaneli ya Tano

Kuna watu waliozaliwa na miguu, na kuna sisi tuliozaliwa na makalio. Maneno haya si yangu, ni ya mke wangu. Mara ya kwanza aliyasema kwa mzaha, tukacheka wote wawili. Mara ya pili nilicheka peke yangu.

Nilikuwa nimeishi mtaa wa Mowlem, Nairobi, tangu nilipomaliza kidato cha nne, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka Mowlem hadi Industrial Area, kazini, na kurudi. Jumamosi majirani wa ploti wakitawanyika, huyu Gikomba kutafuta nguo, yule Dandora kumwona shemeji, mimi nilikuwa nimekalia stuli mlangoni, nikilinda maji ya mfereji yasikatike, kana kwamba maji huona haya kukatika ukiyatazama. Mimi ni Mkamba, lakini Mkamba wa Mowlem. Ukambani nilikuwa nakujua kama ninavyoujua mwezi: upo, unapendeza, na sina haraka ya kwenda.

Mke wangu naye alikuwa Mkamba wa Ukambani kwenyewe. Tulioana kama wengi wa mtaani walivyooana: alikuja kunitembelea na sanduku, sanduku likakaa. Kwao hakuna aliyekuwa ameniona. Desturi yetu ni kwamba mwanamume hupeleka mbuzi kwanza, ndipo wazee wa kule wajue kwamba binti yao hakupotea, ana mwenyewe. Mbuzi wasipofika, wewe si mkwe. Kwao mimi nilikuwa uvumi tu.

Na kuna desturi nyingine, ambayo sisi tunaiita nthoni. Ni haya ya wakwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu wa tatu. Naye mama mkwe vivyo hivyo. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Desturi hii niliipenda kuliko zote, maana ndiyo pekee niliyoweza kuitimiza bila kuinuka. Mtu akiniuliza mbona hujaenda kwa wakwe, nilimjibu, "Ninawaheshimu." Na kweli, kwa heshima ile, hakuna mkwe aliyewahi kuheshimiwa kutoka mbali namna hiyo.

Kazi yangu ilinifaa. Lilikuwa ghala la dawa huko Industrial Area, la kupeleka dawa kwa zahanati za misheni zilizotapakaa nchini, nyingi zikiwa mahali ambapo simu haijafika hata kwa ndoto. Juu ya ghala palikuwa na chumba cha mbao, na ndani ya chumba palikuwa na redio ya kuongea. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Vituo vilipewa majina ya ndege ili yasikike vizuri hewani: Kanga, Korongo, Mbuni, Tai. Mimi, kituo kikuu, nilikuwa Besi. Kila asubuhi niliviita kimoja kimoja, kila kimoja kikajibu na kusema kimepungukiwa na nini, na wengine wote wakasikiliza, maana hewani hakuna ukuta. Ukisema neno na Kanga, Mbuni amelisikia, na Korongo amelisikia, na kesho wanakuuliza liliishia wapi.

Redio yenyewe ilikuwa na chaneli kadhaa, na kila chaneli ilikuwa na tabia yake. Ya kwanza ilikuwa ya alfajiri. Jua likichomoza inazimika kama mshumaa. Ya pili ndiyo ya mchana, inayofika vituo vya karibu na vya mbali pia, kama hali ya hewa si ya kisirani. Ya tano iliruka. Mawimbi yake yalipaa juu sana, yakaja kuangukia mbali kabisa, kaskazini kule kwa akina Mbuni, na waliokuwa karibu yakawapita juu ya vichwa. Ukibadilisha chaneli ilikubidi pia uzungushe vifundo viwili vya kisanduku cha antena, taratibu, huku ukitazama sindano ya kipimo, mpaka redio na antena yake wapatane. Usipowapatanisha, unapiga kelele ndani ya chumba tu. Ili nisihangaike, nilikuwa nimetia alama kwenye vifundo kwa rangi za kucha za mke wangu: nyekundu ya pili, waridi ya tano. Juu ya rafu kulikuwa na redio nyingine ndogo, ya kusikiliza tu, ambayo ilizunguka yenyewe kutoka chaneli hadi chaneli na kusimama palipo na sauti.

Nikiwa mbele ya maiki nilikuwa mtu mwingine. Sauti yangu ilishuka ikawa nzito, ya mtu wa futi sita. "Besi hapa, habari za asubuhi vituo vyote, ova." Ova ndilo neno la redio la kusema nimemaliza, zamu yako. Niliwatania, niliwapatanisha, nilitoa mashauri yasiyoombwa. Mwendesha redio wa Mbuni, kijana mwalimu wa dini huko jangwani, alipotaka kuoa nilimpa somo zima hewani. "Mbuni, mwanamume hatumi salamu kwa wakwe. Mwanamume huenda kwa miguu yake, wakamwona. Ova." Vituo vyote vikasikia. Naye Mbuni akasema asante sana Besi, nimejifunza, ova. Akaenda kweli, kwa miguu, akaoa.

Mke wangu alipokaribia kujifungua alinitangazia, mikono kiunoni, "Nataka kuzalia kwa mama. Na wewe utanifuata Jumamosi ijayo na mbuzi wako, uingie kwetu kwa mlango kama watu. Mtoto wa kwanza hazaliwi na uvumi."

Nikasema sawa. Jumamosi ilipofika ilinyesha. Iliyofuata haikunyesha, lakini nilikuwa na kikohozi. Iliyofuata hiyo, sikumbuki sababu yake. Nadhani ni paka wa jirani aliyekuwa mgonjwa.

Zahanati ya karibu na kwao ilikuwa Kanga. Aliyekuwa na redio pale alikuwa Sista mmoja wa makamo, mtawa mwenye sauti kavu na roho safi. Mara kwa mara alinipa habari kwa mafumbo: "Besi, mgeni wako amekuja kupimwa, yuko salama, anauliza kama Jumamosi ina miguu, ova." Nilijibu, "Asante Kanga, ova," kwa ile sauti ya futi sita, na wengine wakadhani ni habari za dawa.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshamaliza kuviita vituo. Jamaa wa stoo alikuwa amepanda juu na chai yake. Huyu alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mwenye ulimi, na kila siku aliingia na neno lilelile: "Niaje Besi, bado umekalia yai?" Alikuwa ndiyo kwanza anavunja mandazi redio ilipoita.

"Besi, Besi, Kanga. Nina jambo la haraka, ova."

"Sema Kanga, ova."

"Mgeni wako amelala hapa usiku mzima. Mtoto amekaa vibaya, sitaweza kumzalisha mimi. Nataka kumkimbiza hospitali ya wilaya akapasuliwe. Gari liko tayari nje. Lakini kule wataniuliza nani amekubali, na hawamgusi mpaka niwaambie. Mama yake yuko hapa kando yangu. Anasema, kama binti ana mume, neno hili ni la mume. Kama hana mume, ni lake yeye, atalisema sasa hivi. Anataka kujua hilo kwanza. Ana mume au hana? Ova."

Hakuna aliyeingilia. Kwa kawaida hewani kuna vikohozi, miluzi, mtu wa Tai akiuliza saa ngapi. Sasa paliingia kimya, na kimya cha redio nilikijua vizuri: ni cha watu wengi waliosimamisha vikombe kabla havijafika mdomoni.

Jamaa wa stoo alinitazama. "Wee, jibu."

Ningejibu nini? Nikisema anaye, ninajitangaza mume wa mtu ambaye kwao hawajaona hata kwato ya mbuzi wangu. Namwambia hivyo mama yake mzazi, sikio kwa sikio, mimi ambaye hata salamu sikuwahi kumpitishia. Na nchi nzima ya ndege inasikia kwamba Besi, mwalimu wa ndoa, hajatia mguu kwa wakwe. Nikisema hana, basi nimemkana mwanamke aliyelala pale kitandani.

"Kanga," nikasema, "hapa sikupati vizuri." Nilikuwa nampata vizuri kuliko siku zote, nilisikia hadi kuku wa zahanati. "Tuhamie chaneli ya tano. Ova."

"Ya tano?" Jamaa wa stoo aliweka kikombe chini. "Saa hizi? Si uliniambia ya tano huruka Ukambani?"

Nilikuwa nimemwambia, tena kwa kujigamba, na kumchorea kwenye karatasi ya mandazi. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini asubuhi hakuna anayetumia ya tano. Ni chaneli tupu, kama uchochoro, na mimi nilikuwa natafuta uchochoro. Aibu ikikushika haianzii kichwani, inaanzia mikononi. Nilipokumbuka, vidole vyangu vilikuwa vimeshazungusha vifundo hadi kwenye rangi ya waridi.

"Kanga, Kanga, Besi. Unanipata? Ova."

Mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati.

"Kanga, Kanga, Besi, ova."

"Besi, hapa ni Mbuni. Nakupata vizuri sana, ova."

"Mbuni, unafanya nini huku? Ova."

"Umesema tuhamie. Nimehamia. Ova."

"Nilimwambia Kanga! Ova."

"Korongo pia yuko, ova."

"Korongo hapa," ikaingia sauti ya mama mmoja wa ziwani, bila haya yoyote. "Besi, umwambie mama wa watu ukweli. Ova."

Ndivyo nilivyofanikiwa. Nilikimbia chaneli ili nijifiche na watu wa mbali, nikajikuta niko na watu wa mbali peke yao, wananisikia kama niko mapajani mwao, na mtu mmoja aliyenihitaji nimempoteza.

Wakati huo ile redio ndogo ya rafuni, ambayo haijui aibu, ilikuwa imezunguka chaneli zake na kusimama ya pili. Nikamsikia Sista ananiita. Kisha, kwa kuwa hakuwa ameachilia kitufe cha kusemea, nikasikia sauti ya pili, ya mwanamke mzima, ikiuliza kwa Kikamba, "Amekimbia?"

"Hapana, mama. Ni redio."

"Redio haina miguu, Sista."

Na nyuma ya sauti hizo, kwa mbali, mtu alikuwa analia kwa kujizuia, kama anayeng'ata nguo. Nilikuwa nimelala kando ya sauti ile miaka miwili. Nilikuwa naijua ikicheka, ikinuna, ikinipigia kelele kuhusu makalio yangu. Ikilia hivyo sikuwa nimewahi kuisikia.

Nikarudi kwenye vifundo. Nikavizungusha kwa pupa, kimoja kikapita alama, sindano ikalala. Nikarudisha, ikalala tena. "Nyekundu, bwana, nyekundu!" Jamaa wa stoo alikuwa amesimama nyuma yangu, mandazi mkononi. "Hiyo ni waridi! Wewe huoni rangi?" Huku Mbuni, mwenye miguu myepesi hata hewani, alikuwa ameshanitangulia chaneli ya pili, na nikamsikia kwenye redio ndogo akinitetea.

"Kanga, Kanga, Mbuni. Besi yuko chaneli ya tano anakutafuta, ova."

"Ananitafuta huko kwa nini na mimi niko hapa? Ova."

"Sijui Sista. Nafikiri anaona haya. Ova."

Sindano ikasimama. Nikabonyeza. "Kanga, Besi. Nimerudi, ova."

"Nakusikia kama uko chumbani humu. Jibu basi. Ova."

Hapo ningesema neno moja tu, na ningekuwa nimepona nusu ya aibu hii. Badala yake nikaishika desturi, ile ile niliyokuwa nimeikalia miaka yote. Nikasema, "Sista, yule ni mkwe. Siwezi kusema naye mimi mwenyewe. Nitapitishia kwa Mbuni. Mbuni, uko? Ova."

"Niko Besi. Nipitishe nini? Ova."

Nikatafuta maneno. Nilitaka kitu cha heshima, kitu cha kiume. Kilichotoka ni hiki: "Mwambie Kanga amwambie mama kwamba mbuzi wako njiani. Ova."

Mbuni, kijana mtiifu, akapitisha. "Kanga, Besi anasema mwambie mama mbuzi wako njiani. Ova."

Jamaa wa stoo alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mbuzi! Hakukuwa na mbuzi njiani, wala zizini, wala sokoni. Mbuzi wale hawakuwa wamezaliwa.

"Sijauliza mbuzi!" Sista alisahau hata kusema ova. Kisha tukasikia maiki ikikwaruzwa, kama inayonyang'anywa.

Sauti iliyoingia haikuwa ya Sista. Na haikuzungumza Kikamba, ambacho nje ya Kanga mimi tu ningekielewa. Ilizungumza Kiswahili, polepole, Kiswahili cha mtu anayekitoa kabatini siku ya shughuli, ili wote waelewe.

"Wewe mwanamume. Mimi ndiye mama yake. Sijawahi kusema na mkwe, hata wale wa dada zake, na wao wameniletea kila kitu. Leo nasema na wewe ambaye hukuleta. Mtoto wangu anaisha hapa. Niambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Una mke ama huna?"

Hakujua kwamba akimaliza anapaswa kuachilia kitufe. Alikishikilia, na maadamu amekishikilia hakuna mtu anayeweza kumjibu. Kwa hiyo nilikaa pale na jibu mdomoni, nikisikiliza mama mkwe wangu akipumua. Nyuma yake yule mwingine akalia tena, safari hii bila kujizuia. Sista akawa anasema kwa mbali, achilia hapo mama, toa kidole, hapo, hapo. Sidhani nimewahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri kidole kile.

Kikaachiliwa.

"Ninaye, mama," nikasema. Ile sauti ya futi sita ilikuwa imekwenda zake. Iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe, nyembamba. "Ni mke wangu. Mpelekeni. Wampasue. Nimekubali mimi, mume wake."

Hakuna aliyejibu. Nikadhani wamekwisha kuondoka, au mke wangu amekwisha kufa. Jamaa wa stoo akainama juu ya bega langu, akanibonyezea kitufe.

"Ova," akasema.

"Imesikika," akajibu Sista. "Tunaondoka."

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya isipokuwa kukaa, kitu ambacho ningedhani nakiweza. Hospitali ya wilaya haikuwa na redio ya kwetu. Habari ingekuja tu gari litakaporudi Kanga. Jamaa wa stoo aliniuliza mbona nisitafute basi niende, na nikamwambia, nikienda, nani atakuwa hapa Sista akiita? Ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya haki ya kutokwenda popote, nayo ilinuka kama zile nyingine zote. Hakunitania. Aliniachia mandazi yaliyobaki, akashuka, na chini nikamsikia akiwakataza wapakiaji wasipige kelele.

Chaneli ya pili ilibaki tupu siku nzima. Hakuna aliyewaambia, kila kituo kilinyamaza chenyewe, njia ibaki wazi. Mara mojamoja tu Mbuni alikuwa anaingia na kusema, "Besi, nipo, ova," na mimi namwambia, "Nashukuru, ova." Sikuwa na uso wa kusema zaidi. Huyo ndiye niliyemfundisha jinsi ya kwenda kwa wakwe.

Jua lilikuwa limeegemea paa za viwanda Sista alipoita.

"Besi, Kanga. Wazima wote wawili. Umepata msichana. Ova."

Hewani hakuna makofi. Watu hubonyeza kitufe na kuachilia, ka-ka, na kila kituo kina mlio wake. Nikasikia ka-ka ya Korongo, ka-ka ya Tai, ya Mbuni, na nyingine za vituo ambavyo sikujua kama vilikuwa vinasikiliza. Nikafuta macho kwa kitambaa cha kufutia redio.

"Na mama mkwe? Ova."

"Nimemwacha kule na binti yake. Lakini Besi, nikuambie ukweli. Alikataa kukaa mbele garini. Njia nzima alijifunika leso kichwani hadi usoni, na kule hospitalini alikaa nje chini ya ukuta. Hata mtoto alipolia hakuingia mpaka nilipomvuta mkono. Anasema amemvulia mkwe haya mbele ya watu wote wa redio, sasa hana uso. Ova."

Hapo ndipo aibu ilipobadilika. Tangu asubuhi nilikuwa nikiona yangu tu: Besi ameumbuka, Besi hana mbuzi. Nilikuwa nikiionea huruma kama kidonda. Kumbe yangu ilikuwa ya mtu aliyejikwaa sokoni. Watu wanacheka, unajipangusa, unaenda. Ya yule mama ilikuwa ya mtu aliyevua nguo yake barabarani ili amfunike mtoto. Na aliyemlazimisha kuvua ni mimi, niliyekuwa na neno moja la kusema na nikaenda kulitafutia chaneli.

Wiki iliyofuata vituo vilinikomalia. Kila asubuhi, baada ya dawa na chanjo, lazima mmoja aulize. "Besi, mbuzi wamefika wapi? Ova." "Besi, hapa Tai, nimeona mbuzi wawili wamepotea njia, si wako? Ova." Mama wa Korongo alinieleza hata namna ya kuwafunga wasikojoe ndani ya gari. Nilijibu ova, ova, na safari hii nikanunua.

Nilikwenda na mjomba wangu wa Umoja, dereva wa lori aliyestaafu, awe msemaji wangu. Mbuzi walipanda juu ya basi, mimi nikapanda ndani na blanketi zito mapajani, maana mjomba alisema mama mkwe aliyevuliwa haya hufunikwa. Kushuka barabarani tukakuta kundi la watoto na akina mama, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Ndiye wa redio? Mbona ni mdogo hivi?"

Mama mkwe alikuwa ameketi mbali, upande wa jikoni, ametupa mgongo. Niliuona mgongo tu: mpana, umenyooka, leso ya kijani. Kaka yake ndiye aliyekuwa msemaji wao. Wazee wakakagua mbuzi, wakatikisa vichwa kukubali. Kisha mjomba akasimama, na nilikuwa nimempa maneno ya kusema, nimeyapanga njia nzima: kwamba kijana wetu anaomba radhi kwa mama kwa siku ile ya redio, kwamba hakustahili kusemeshwa na mama kwa mdomo wake, kwamba kosa ni lake.

Hakufika hata nusu. Mgongo ule ulisema jambo, chini kwa chini, kaka akainama kusikiliza, akainuka.

"Mama anauliza," akasema, "redio ipi? Siku hiyo yeye alikuwa shambani."

Wazee wakatazamana. Mzee mmoja akakohoa. "Kweli," akasema, "hata mimi nilimwona shambani."

"Alikuwa anapalilia mbaazi," akasema mwingine.

"Tulikuwa naye," wakasema wanawake wa jikoni, na Sista wa Kanga, aliyekuwa amealikwa, ambaye nilikuwa nimemtambua kwa sauti kabla ya kumwona, akakubali kwa kichwa, mtawa mzima, kwamba ndiyo, mama alikuwa shambani.

Mjomba alikaa chini. Maneno yangu yote yakabaki naye. Blanketi lilipelekwa na binti mdogo wa nyumba, likawekwa juu ya mgongo ule, na mgongo ukalipokea bila kugeuka.

Mke wangu akatoka ndani akitembea polepole, mkono mmoja tumboni, akaniwekea mtoto mikononi. Hakusema kitu kuhusu makalio. Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha kama kimerudishwa kizima, na mimi nikatazama chini. Mtoto alikuwa na paji pana. Nilijua limetoka wapi ingawa upande wa mbele wa yule mama sijauona hadi leo.

Ilipofika jioni nilidhani tunaondoka. Mjomba alikuwa ameshavaa koti. Mgongo ukanena tena, kaka akaja.

"Mama anasema mkwe halali mjini usiku huu. Akae siku chache, mtoto amzoee."

Nikakaa. Mimi, ambaye sikuwahi kulala nje ya Mowlem, nilipewa kitanda katika nyumba ya shemeji, na maji ya kuoga, na uji mkubwa wa asubuhi ambao niliumaliza wote kwa woga. Nikashinda nimekaa wima kwenye kiti, magoti pamoja, nikimbembeleza mtoto. Na kwa heshima niliyokuwa nayo siku hizo, ile ya kweli, sikuthubutu hata kumwuliza mtu choo kiko wapi.